Maziwa kwenye oili ya pikipiki

 

Kipupwe kikiingia kwetu huku nyanda za juu, Njombe, Makete na kwingine kwenye baridi, kati ya Juni na Agosti, kuna jambo huanza kusemwa vijiweni na kwenye gereji zetu. Dereva anaamka alfajiri, anafungua kifuniko cha kuwekea oili ili apime, anakuta kwa ndani kumeshika utando mzito mweupe, unaoelekea hudhurungi kidogo, unaoteleza ukiugusa kwa kidole. Oili imekuwa maziwa, ndivyo wanavyosema. Anashtuka, anaikokota pikipiki hadi kwa fundi, na kuanzia hapo hela ya hesabu anayopaswa kumpelekea bosi inaingia mahali ambapo mara nyingi haikupaswa kuingia. Nimewaona vijana waliofunguliwa injini nzima kwa sababu ya utando ule, wakanunulishwa gasketi mpya, na baada ya majuma mawili utando ukarudi palepale. Ndiyo maana leo nimeamua muda wote wa mazungumzo haya uwe wa kitu hicho cheupe: kinatoka wapi, lini ni cha kuogopa, na nini cha kufanya.

Kinatoka wapi? Ni maji yaliyochanganyika na oili. Na maji yenyewe, kwa sehemu kubwa, yametoka kwenye petroli.

Najua wapo wanaoshangaa, maana petroli na maji tumezoea kuviweka mbalimbali, na maji yakiingia kwenye tanki ni balaa. Lakini petroli imeundwa kwa kaboni na haidrojeni. Inapoungua ndani ya silinda, ile haidrojeni hushikana na oksijeni ya hewa, na vikishikana huwa maji. Tena maji mengi. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Kwa kuwa ndani ya silinda kuna moto, maji hayo huwa mvuke na kutoka kwa bomba la moshi bila mtu kuyaona. Asubuhi ya baridi lakini huonekana. Ule moshi mweupe unaofuata pikipiki dakika za mwanzo, na yale matone yanayodondoka kwenye ncha ya bomba, hakuna dereva wa nyanda hizi ambaye hajaviona. Hayo ndiyo maji ya petroli ninayoyasema.

Mvuke wote ungepita kwenye bomba, tusingekuwa na mazungumzo leo. Tatizo ni kwamba hakuna ringi za pistoni zinazoziba kwa asilimia mia, hata ziwe mpya. Kila petroli inapolipuka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka chini kwenye tumbo la injini, mahali ilipo krenki, gia na oili. Injini ikiwa ya baridi hupenya zaidi, kwa sababu pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka inapopata joto. Kabla haijapata joto inacheza ndani ya silinda kwa nafasi kubwa kuliko kawaida. Gesi hizo zinashuka na mvuke wake, masizi yake na petroli ambayo haikuungua. Chini zinakutana na chuma chenye baridi ya Makete. Hapo mvuke hugeuka maji, kama unavyogeuka matone chini ya mfuniko wa sufuria inayochemka. Gia zinayapiga maji hayo na oili pamoja, na zile dawa zilizomo ndani ya oili, ambazo kazi yake ni kushika uchafu usigande, zinayashika maji pia. Ndiyo maziwa yenyewe.

Mafundi wengi wazee, ambao nawaheshimu sana, huniambia kwamba ni ukungu wa usiku: injini ikipoa inavuta hewa, hewa ina unyevu, unyevu unagandamana ndani. Hawakosei kabisa, jambo hilo lipo. Lakini tulipime. Hewa ya nyuzi 20 iliyoshiba mvuke, lita moja yake hubeba maji yasiyofika hata gramu 0.02, na hewa ya nyuzi 5, kama ya alfajiri zetu za Julai, hubeba pungufu ya nusu ya hapo. Nafasi ya hewa ndani ya injini ya pikipiki ya cc 125 ni lita mbili tatu. Hata tuseme injini inavuta hewa mpya yote kila usiku kwa miezi miwili, na maji yake yote yanabaki ndani, hayatajaza kijiko cha chai. Sasa weka upande wa pili petroli. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita, ikitembea kilomita 5 tu imeshazalisha maji yanayokaribia mililita 90. Hata sehemu moja tu ya mia moja ya hayo ikipenya chini ya pistoni, safari kadhaa za namna hiyo zinatosha kuupita ukungu wa miezi miwili.

Nakaa sana kwenye hesabu hii kwa sababu mtu akiamini kwamba adui ni ukungu, atafunika pikipiki kwa turubai usiku, ataiingiza chumbani, ataifunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, halafu kila asubuhi atakwenda nayo kilomita 2 na kurudi. Utando hautaondoka.

Maji yanaondokaje, basi? Kwa joto, na kwa muda. Oili ikipita nyuzi 80 na kukaa hapo kwa kitambo, maji yaliyomo hugeuka mvuke tena, mvuke hupanda, hutoka kwa ule mpira wa kupumulia unaounganisha tumbo la injini na boksi la chujio la hewa, huingia kwenye kabureta na mwishowe kutoka kwa bomba la moshi. Sisi wa juu tuna nafuu ndogo: kwenye mwinuko wa mita 2,000 kama Njombe, maji huchemka kwa nyuzi kama 93 badala ya 100 ya Dar es Salaam. Lakini lazima joto lifike kwanza, na oili ni ya mwisho kupata joto. Ukiwasha pikipiki, bomba la moshi linakuunguza baada ya dakika mbili, mapezi ya silinda huwezi kuyashika baada ya dakika tano, nawe unadhani injini imepata moto. Chini kule oili bado ni vuguvugu tu. Tena pikipiki zetu hazina thamostati ya kuzuia upoaji mpaka injini ipate joto. Zinapozwa na upepo, na upepo wa kipupwe hauulizi kama injini imeshapata joto au bado. Ukitembea kilomita 50 kwa saa katika hewa ya nyuzi 6, upepo ule unapiga chini ya injini palepale oili ilipo.

Kwa hiyo safari fupi inaingiza maji bila kuyatoa. Safari ndefu inaingiza, lakini inatoa zaidi ya inavyoingiza. Ukipata abiria wa kutoka Njombe kwenda Makambako, kilomita kama 60 za lami, hapo umeikausha oili yako hata kama hukujua. Kinyume chake ni yule anayekaa kijiweni pale soko kuu, anapata kichwa, yaani abiria, cha kilomita 1, anarudi, anasubiri nusu saa kwenye baridi, anapata kingine. Kwa jioni anaweza kuwa ametembea kilomita 40, na oili haijawahi kufika mahali pa kukauka.

Hata hivyo bodaboda hayuko kwenye hali mbaya kuliko wote. Anayeumia zaidi ni yule ambaye sote tunadhani anaitunza pikipiki: mwalimu anayekaa kilomita 2 na shule, muuguzi wa zahanati, mchungaji, bwana shamba wa kata. Pikipiki inatoka asubuhi, inazimwa kabla haijapata joto, inarudi saa tisa, inazimwa tena. Jumamosi inaoshwa, inang'aa. Kilomita kwenye dashibodi ni chache, na kwa kuwa ni chache, mwenyewe anaona hana haja ya kumwaga oili, maana fundi alimwambia amwage akifikisha kilomita fulani, naye hajazifikisha kwa miezi mitano. Ndani ya miezi hiyo oili imekuwa ikipokea maji na petroli mbichi kila siku. Nikiambiwa pikipiki ya mtumba ya huku juu haijatembea sana, jambo la kwanza ninalofanya ni kufungua kifuniko cha oili na kunusa. Afadhali iliyotembea barabara ndefu.

Kwa watu wa namna hii ushauri wangu ni mwepesi. Kila wiki, angalau mara moja, itoe pikipiki safari ya kilomita 20 au 30 bila kuizima, kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Panga shughuli zako: soko la mbali badala ya la karibu, kutembelea ndugu, kupeleka pembejeo shambani. Na oili imwagwe kwa kalenda badala ya kilomita peke yake. Vitabu vingi vya watengenezaji vinasema hivyo hivyo, kwamba safari fupi kwenye baridi ni matumizi magumu na muda wa kubadilisha oili upunguzwe. Watu hawaamini kwa sababu akilini mwao matumizi magumu ni kupakia magunia matatu ya viazi na kupanda mlima. Kwa injini, hayo magunia matatu wakati mwingine ni afadhali.

Sasa tuje kwenye gasketi, maana hapo ndipo watu wanapoliwa hela zao.

Pikipiki nyingi mnazoendesha huku, Boxer, TVS HLX, zile za Kichina tunazoziita toyo ambazo nyingi zimefuata mpango wa injini ya Honda CG125, zinapozwa kwa hewa. Hazina rejeta. Hazina maji ya kupoozea, hazina pampu ya maji, hakuna mfereji wa maji ndani ya bloku wala hedi. Sasa fundi anapokuambia gasketi ya hedi imekwisha ndiyo maana maji yanaingia kwenye oili, muulize kwa heshima: maji kutoka wapi? Aliyejifunzia ufundi kwenye magari anaweza kuwa anasema kwa nia njema, kwa sababu kwenye gari lenye rejeta maneno yake yangekuwa na msingi. Kwenye pikipiki yako hayana. Gasketi ikiungua kwenye injini ya kupozwa kwa hewa utasikia hewa ikivuja, utaona oili ikitoka nje kwenye maungio, nguvu itapungua. Haitakuletea maji.

Wenye pikipiki kubwa zenye rejeta, hali yao ni tofauti, na wao wasipuuze. Maji ya rejeta yakipungua wiki hadi wiki bila kuonekana yanakovujia, moshi mweupe wenye harufu tamu ukiendelea kutoka hata injini ikiwa moto, au oili ikizidi kimo badala ya kupungua, hiyo ni kazi ya fundi na isingoje. Chini ya pampu ya maji kwa kawaida kuna kitundu kidogo kilichoachwa makusudi. Sili ya pampu ikichoka, maji huanza kudondokea hapo. Msikizibe kile kitundu. Nimeona kimezibwa kwa gundi ili pikipiki ionekane haivuji, na maji yakikosa njia ya kutokea yanaweza kupita kwenye sili ya pili na kuingia kwenye oili.

Nirudi kwa wengi, wa kupozwa kwa hewa. Utajuaje kama utando ulioukuta ni wa kufuta na kuendelea na safari, au ni hatari? Kifuniko cha oili kiko juu na pembeni, kinapigwa na upepo, ni mojawapo ya sehemu za baridi kuliko zote kwenye injini. Mvuke hukimbilia pale. Kwa hiyo utando kwenye kifuniko peke yake, wakati oili kwenye kijiti cha kupimia ni safi na inapenya mwanga, hauna uzito mkubwa. Ufute kwa kitambaa kikavu, tafuta safari ndefu, angalia tena. Ukikuta oili yenyewe kwenye kijiti, au kwenye kile kioo cha pembeni kwa pikipiki zenye kioo, imekuwa na ukungu, imepauka, hapo maji yamekuwa mengi kuliko oili inavyoweza kubeba.

Kuna kipimo cha gereji ambacho hakihitaji mashine. Chukua kipande kidogo cha bati, kipashe moto hadi kiwe cha moto kuliko maji yanayochemka, mbali na pikipiki na mbali na petroli, kisha udondoshe tone moja la oili. Oili kavu itatandaa kimya na kutoa moshi kidogo. Yenye maji itatoa mlio wa kupasuka na kurusha vijitone. Usisogeze uso. Kipimo hiki hushika maji hata yakiwa sehemu moja katika elfu, na kimeniokolea mabishano mengi na wateja.

Madhara yake ni nini, nikisema ni hatari? Pikipiki zetu zina tofauti moja kubwa na gari: oili ileile inalainisha pistoni na krenki, inalainisha gia, na klachi inaogelea humohumo. Na yote hiyo ni kama lita moja tu. Gari lina lita nne au tano na gia zake zina oili ya kwao. Kwa hiyo kijiko cha maji ambacho gari lisingekihisi, kwenye pikipiki ni kitu. Maji hayana uwezo wa oili wa kubeba mzigo kati ya chuma na chuma. Beringi zinaanza kulika. Mvuke ukikutana na gesi nyingine zilizoshuka pamoja nao hutengeneza tindikali, na tindikali hula chuma polepole usiku pikipiki ikiwa imelala. Ukifungua injini iliyoishi hivyo miaka mitatu unakuta madoa ya kutu kwenye gia, kwenye minyororo ya taimingi, mahali ambapo kutu haikupaswa kufika kabisa. Na ule ute mzito ukishuka chini, unakwenda kukaa kwenye wavu wa kuchujia oili. Injini nyingi za mpango wa CG hazina chujio la karatasi. Zina wavu na chombo kinachozunguka kutenga uchafu. Wavu ukizibwa, oili haipandi juu kwenye hedi, na juu kule ndiko kunakoanza kelele.

Sasa nina ugomvi na desturi moja ya asubuhi. Saa kumi na moja na nusu, pikipiki inawashwa mlangoni, choki inavutwa hadi mwisho, inaachwa inaunguruma dakika kumi wakati mwenyewe anakunywa uji ndani. Anaamini anaipasha moto. Injini inayounguruma bila kazi inazalisha joto kidogo sana, lakini inaendelea kuchoma petroli, na choki ikivutwa petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Ile isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini. Unapata maji na petroli kwa pamoja kwenye oili, joto la kuvikausha hujalipata. Washa, ngoja nusu dakika hadi dakika moja itulie, rudisha choki mara tu injini inapokubali, ondoka taratibu bila kuikaba. Kilomita mbili tatu za mwanzo nenda kwa gia za juu kidogo na mkono mwepesi. Mzigo mdogo wa barabara unaipasha injini haraka kuliko kuunguruma. Na kwa ajili ya Mungu, wale mnaolala na pikipiki chumbani kwa kuogopa wezi, msiiwashe humo ndani hata kwa dakika moja. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua, na mtoto aliyelala hataamka kukuambia.

Jambo la kabureta hapa kwetu lina uzito wake. Pikipiki imeunganishwa na kupangwa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari. Ikifika Njombe, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta haijui; inaendelea kumwaga petroli ya Dar. Plagi inakuwa nyeusi, moshi unakuwa mzito, petroli inashuka kwenye oili mwaka mzima na kipupwe kinazidisha. Fundi mzuri anaweza kubadilisha jeti kwa ndogo zaidi au kurekebisha skrubu ya hewa kwa kazi ya dakika chache. Ila ukishuka kwenda kuishi Ifakara au Kyela, irudishwe, la sivyo injini itachemka.

Wengine wananiuliza kuhusu kufunga kipande cha boksi au gunia mbele ya injini ili upepo usiipige. Sikubaliani. Kule Ulaya wapo wanaofunika sehemu ya kipoza oili wakati wa baridi, lakini barabara zao na mizigo yao ni mingine. Sisi kwa saa moja tunaweza kuwa kwenye baridi ya alfajiri, halafu tunapanda mlima na abiria wawili na gunia la viazi. Injini ya kupozwa kwa hewa iliyofunikwa mapezi itakwama mlimani, na hasara yake haifanani hata kidogo na ile ya utando mweupe.

Mpira wa kupumulia usiusahau. Fuata unapoanzia kwenye injini hadi unapoishia. Usiwe umekunjwa, usiwe umezibwa na tope, usiwe umefungwa kwa nati na mtu aliyeona unatoa oili akadhani anatengeneza. Pikipiki nyingi zina kijipira kingine chini ya boksi la chujio, kimezibwa kwa kifuniko kidogo. Humo hukusanyika maji na oili iliyorudi. Kwenye baridi kitoe, kimwage, kirudishe. Ndugu zetu walioko Ujerumani, Uswidi au Kanada wana tatizo ambalo sisi hatulifikii: ute ule unaweza kuganda kuwa barafu ndani ya mpira, gesi zikakosa pa kutokea, na shinikizo likasukuma oili itoke kwenye sili. Na kwa wale wanaoilaza pikipiki miezi yote ya theluji, oili ibadilishwe kabla ya kuilaza, isiwe baada, na isiwashwe kila Jumapili kwa dakika tano kwa kuionea huruma. Ama itembezwe kilomita 30, ama iachwe ilale.

Maji ya nje yapo pia, sitaki kuyasahau. Mashine za kuoshea zenye nguvu zisielekezwe kwenye kifuniko cha oili wala kwenye boksi la chujio. Kile kipira cha mviringo cha kifuniko kikikauka na kupasuka, kinunuliwe kingine, bei yake ni ndogo. Na wenye maduka mnaouza oili ya kupima kwa chupa, niwaombe kitu kimoja. Pipa la oili lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua juu ya mfuniko. Jua linapolipiga hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku inasinyaa na kuvuta, na inachovuta ni yale maji yaliyosimama juu ya kizibo. Pipa linaingiza maji ndani bila kizibo kufunguliwa hata siku moja. Liwekwe chini ya paa, au lilazwe ubavu. Mteja mwenye injini nzima anaweza kuwa ananunua maziwa kutoka dukani.

Kuhusu oili yenyewe sitakaa sana. Chukua namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na kwenye chupa tafuta alama ya JASO MA, ndiyo inayoonyesha kwamba oili inafaa klachi inayoogelea. Oili za magari ya petroli za siku hizi, zile zilizotengenezwa kupunguza msuguano, zinaweza kuifanya klachi iteleze.

Namalizia na aliyeshakuta oili yote imepauka, na fundi anamwambia aoshe injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Asikubali injini iwashwe na vitu hivyo ndani. Havina uwezo wa kubeba krenki, na vinavyobaki kwenye kona vinachanganyika na oili mpya. Afanye hivi. Amwage oili mbovu, aweke mpya ya bei ya kawaida yenye namba sahihi, aende kilomita 20 au 30 bila kusimama hadi injini ipate joto hasa, arudi, aimwage palepale ikiwa moto, maana ikiwa moto inashuka na uchafu wake wote. Afungue wavu, ausafishe kwa brashi, aukaushe. Atazame washa ya boliti ya kumwagia. Ikiwa imebonyea abadilishe. Aweke oili ya kukaa nayo, pikipiki ikiwa imesimama wima na si kwenye stendi ya pembeni, apime kwa kijiti kama kitabu kinavyosema, maana baadhi hupimwa kijiti kikiwa kimeegeshwa tu bila kukazwa. Ile iliyomwagwa iingie kwenye dumu lenye mfuniko. Isimwagwe shambani wala karibu na chemchemi. Akitembea wiki moja aangalie tena kwenye kijiti, na kama amepata hizo safari ndefu, ataikuta oili inapenya mwanga.